Uboho wa Kalunde

Kabla sijasema lolote juu ya Kalunde, niseme hili kwanza: ile barua ya pili ina jina langu pia. Halima binti Yakub, shahidi; hapa Malili wananiita Mama Faki. Nilitia sahihi kwa mkono wangu mwenyewe huku hasira zikinichemka hadi masikioni. Atakayenilaumu ana haki, ila anisikilize kwanza.

Nilifika Malili mwaka wa sabini na tatu nikitoka Kitui mjini, ambako baba yangu alikuwa na duka la nguo. Nikafungua hoteli ya mabati kando ya barabara ya Mombasa. Asubuhi chai na mahamri, mchana muthokoi, kwa sababu Mkamba ukimnyima mahindi yake yaliyokobolewa na maharagwe, hata pilau ataiona kama adhabu. Kalunde nilimkuta hapo hapo, kwenye kivuli cha ghala la nafaka lililopakana na hoteli yangu. Alikuwa msichana wa miaka kumi na minane, ana sindano ya gunia mkononi, anashona magunia yaliyopasuka. Gunia likitoboka kwenye lori, dereva anamwita. Mfanyabiashara akitaka magunia ya zamani yapate maisha ya pili, anamletea. Vidole vyake vilikuwa vigumu, na nywele zake zilijaa vumbi la mahindi mwaka mzima.

Kwa miaka karibu ishirini sikumwona akitembelewa na mtu. Krismasi ikifika Malili nzima inarudi makwao, maduka yanafungwa, mbwa peke yao ndio wanabaki. Mbwa, na Kalunde, na mimi Mwislamu nisiye na Krismasi. Tunakaa mlangoni tunatazama malori yanayopita. Siku moja ya namna hiyo nikamtania, "Wewe mwenzangu, ulizaliwa na gunia?"

Akacheka, kisha akaniambia.

Huko Mbooni, milimani, kulikuwa na mwanamke aitwaye Mbinya ambaye hakujaliwa mtoto. Mke mwenzake alikuwa na watoto saba, wa kwanza wao akiitwa Mutiso. Sasa kwa mila ya Wakamba, mwanamke asiye na mtoto anaweza kuoa mwanamke mwenziwe. Anamlipia mahari, na watoto watakaozaliwa wanakuwa wa nyumba yake, wana wa boma kama wengine wote. Mke wa namna hiyo huitwa iweto. Nani anayemzalisha si jambo la kuulizwa, na anayejua hasemi. Mbinya akamwoa Kavata, mama yake Kalunde.

Tatizo ni kwamba Kavata alikuwa tayari na mtoto, huyu Kalunde, aliyemzaa na mchonga mizinga ya nyuki mmoja aitwaye Kilonzo. Walipendana, lakini Kilonzo hakuwa hata na mbuzi wa kumlipia. Mbinya alikuwa nao. Alilipa mbuzi wa Kavata peke yake, na mtoto wa miaka mitatu akaachwa kwa bibi yake. Kilonzo akaendelea kupanda mlima kwenda kwa Kavata, Mbinya akijua na kunyamaza, na mwaka wa sitini akazaliwa mvulana, Kiilu. Kwa hiyo baba mmoja, mama mmoja. Ila mmoja ni mwana wa boma, na mwingine hayumo hata kwenye hesabu ya kuku.

"Nilienda kumwona mama mara moja," Kalunde aliniambia. "Nikiwa miaka kumi. Nilitembea kutoka asubuhi. Alinikuta kwa mpaka ya shamba, akanipa muhogo ya kuchemshwa, akaniambia nirudi kabla jua haijashuka. Hakunishika hata mkono. Alikuwa anaogopa kuonekana."

Kilonzo alikufa, bibi akafa, kijishamba cha bibi kikauzwa na wajomba. Kavata naye alikufa mwaka wa sabini na nane, na Kalunde alizisikia habari hizo mwezi mzima baadaye, kutoka kwa muuza maembe wa Mbooni aliyeleta magunia kushonwa.

Tangu hapo kila mtu wa Mbooni aliyepita Malili alihojiwa. Si kwa uwazi, la. Anashona huku anauliza kama mtu asiyejali: yule mwalimu Kiilu, ameoa? Ana watoto wangapi? Nyumba yake ameezeka mabati? Mimi nilikuwa nikimtania kwamba ana kijana wa kumpenda huko milimani. Alijua mke wa Kiilu anaitwa Muthoki, alijua majina ya watoto wote wanne, alijua hata kwamba mwalimu anaandika kwa mkono wa kushoto. Kiilu mwenyewe hakujua kama duniani kuna mtu anaitwa Kalunde.

Mwaka wa tisini na mbili, muuza maembe akaleta habari nyingine. Mwalimu anaumwa. Tumbo limevimba upande wa kushoto, anatoka jasho, anakonda. Wakamtibu malaria, wakamtibu taifodi, mwisho wakampeleka Nairobi na huko daktari akasema ni kansa ya damu.

Nilivyoelewa mimi, ndani ya mifupa yetu mna uboho, na huo ndio unaotengeneza damu. Wa Kiilu ulikuwa umeharibika na unatengeneza damu mbovu. Dawa zingemsogeza miaka michache tu. Lakini kuna hospitali ng'ambo zinazoweza kuua uboho wote mbaya na kumpandikizia mwingine, mradi apatikane mtu ambaye mwili wake unafanana na wake kabisa. Mtu huyo kwa kawaida ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Daktari akasema, leteni ndugu zake wote.

Wakaenda. Mutiso akawapanga wote saba, wakubwa kwa wadogo, wakashuka hadi Nairobi kutolewa damu ikapimwe. Hawakuwa wanadanganya, na hilo ndilo linaloniuma. Kwa mila, hao saba walikuwa ndugu zake halali, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba sindano haijui mila. Majibu yaliporudi daktari alishangaa. Hakuna aliyefanana na mgonjwa hata robo. Akauliza kwa upole kama hawa ni ndugu zake kweli.

"Daktari, unatukana boma yetu?" Mutiso akamjibu. Wakainuka, wakarudi Mbooni, na Kiilu akalazwa kitandani kwake kungoja.

Haya yote Kalunde aliyasikia akiwa ameketi kwenye magunia. Sindano haikusimama.

"Si uende!" nikamwambia. "Wewe ndiye mtu mwenyewe wanayemtafuta."

"Mama Faki, nitaenda aje mahali sijaitwa?"

"Na akifa?"

"Akikufa nitaambiwa na mtu wa maembe. Kama vile niliambiwa ya mama."

Nilikasirika nikamwacha. Nilidhani ni kiburi. Ilinichukua siku tatu kuelewa kwamba ilikuwa hofu. Mtu aliyerudishwa kutoka mpakani mwa shamba akiwa na miaka kumi hawezi kuusogelea mpaka ule kwa hiari yake. Kitu kimoja tu alichokitaka maisha yake yote ni mtu wa boma lile aseme, huyu ni wetu. Akienda mwenyewe na akafukuzwa, hata matumaini hayo yatakuwa yamekwisha.

Basi nikaenda mimi. Mila zile si zangu, na mdomo wangu hakuufunga mtu. Nilifunga hoteli siku ya Alhamisi, nikapanda gari hadi soko la Kikima huko Mbooni, nikapanda mlima kwa miguu na buibui langu, watoto wa shule wakinifuata kama maonyesho. Muthoki, mke wa Kiilu, alinikaribisha kiti. Nikamwambia yote bila kuzunguka: Kavata, Kilonzo, msichana aliyeachwa, ghala la Malili.

Muthoki alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi. Kisha sauti ikatoka kwenye kona ya chumba. Ilikuwa ya Mbinya, kikongwe haoni tena, amejifunika blanketi. Akasema kwa Kikamba, na Muthoki akanifasiria: "Ni kweli. Mimi ndiye nilikataa huyo mtoto. Mbuzi hazikutosha. Mleteni."

Kalunde akapimwa. Alifanana na Kiilu kabisa, pointi kwa pointi, daktari mwenyewe akapiga makofi. Kanisa likafanya harambee, hospitali ikapatikana kusini mwa India, na nikadhani kazi imekwisha. Kumbe ilibaki karatasi.

Hospitali ile ilitaka barua ya serikali inayothibitisha kwamba anayetoa uboho ni ndugu wa mgonjwa. Tukaenda kwa chifu: Mutiso, wazee wawili wa ukoo, Muthoki, na Kalunde akiwa na gauni aliloazima kwangu. Hakuwa na mtu wa upande wake, kwa hiyo nilikwenda mimi. Karani akapiga chapa barua ya kwanza: Kalunde binti Kavata ni dada wa Kiilu, baba mmoja, mama mmoja. Chifu akamsomea. Niliuona uso wa Kalunde. Miaka thelathini na saba alikuwa ameingojea sentensi hiyo, na sasa imepigwa muhuri wa serikali.

Mutiso akakohoa. "Sasa ile ingine."

Barua ya pili ilikuwa imeandikwa tayari nyumbani. Ilisema mimi Kalunde nakubali kwamba barua ya kwanza ni ya safari tu. Mimi si mtoto wa boma la Mbinya. Sitadai shamba, sitadai kuitwa ndugu, sitazikwa huko. Na jina la Kilonzo halitatajwa tena na mtu yeyote, kwa maana Kiilu ni mwana wa boma.

"Haki ya Mungu, nyinyi ni watu wa aina gani?" nikasema. "Mnataka mfupa wake na hamtaki jina lake?"

Mutiso hakunijibu kwa ukali. Alisema, "Mama, hii ni kulinda Kiilu mwenyewe. Shamba yetu itakatwa na serikali kila mtu apate yake. Ikitajwa ati yeye ni wa Kilonzo, kuna watu watasema aende kwa Kilonzo." Na ubaya ni kwamba alikuwa anasema kweli, na wazee walikuwa wanatikisa vichwa kukubali.

Muthoki alikuwa akilia. Kiilu hakujua lolote juu ya barua hiyo, alikuwa kitandani. Kalunde akachukua kalamu, akaandika jina lake polepole kama walivyomfundisha hadi darasa la nne. Kisha akanigeukia. "Mama Faki, weka yako. Tunachelewa."

Nikaweka.

Ya India nilihadithiwa naye baadaye, kidogo kidogo. Kabla ya siku yenyewe walikaa wiki mbili hospitalini wakipimwa, na jioni yeye na Kiilu waliketi kwenye benchi moja. Kisha Kiilu akamuuliza mama alikuwaje alipokuwa msichana, na Kalunde akasema hajui, alikuwa mdogo mno. Wewe uliyelelewa naye ndiye uniambie.

Kiilu akawaza, akasema: "Kuna kitu sikuwahi kuelewa. Kila siku akipakua chakula, mama alikuwa anaweka sahani moja kando. Anaifunika na sahani ingine. Tukiuliza ni ya nani, anasema muache. Asubuhi anamwagia kuku. Hata mwaka ya njaa aliweka."

Kalunde aliniambia kwamba alilia mpaka wauguzi wakadhani anaogopa sindano. Sindano yenyewe hakuiogopa. Alipoonyeshwa alicheka, akasema hiyo ni ndogo, mimi nashona na kubwa zaidi. Walimlaza usingizi, wakamchoma kwenye mfupa wa nyonga mara nyingi, wakatoa uboho uliojaa mfuko. Unafanana na damu tu, ila mzito zaidi. Upande wa pili wa ukuta Kiilu alikuwa peke yake katika chumba kilichofungwa, nywele zimemwisha, dawa zimeua kila kitu ndani ya mifupa yake. Wakaufungulia uboho ule ukamwingia kwenye mshipa kwa matone. Siku kumi na tisa Kalunde alisimama nje ya kioo akitazama. Siku ya ishirini daktari akasema umeshika. Umejipatia njia wenyewe hadi ndani ya mifupa, na unatengeneza damu mpya.

Aliporudi Malili alikuwa anakaa upande upande kwa maumivu. Nikamwambia, "Kama wanaweza kumpa mtu damu mpya, si ungeniombea na mimi wanitoe huu uzee?"

"Wewe uzee yako iko kwa mdomo," akasema. "Huko hawajui kutibu."

Kiilu alirudi mwaka uliofuata, mwembamba, amevaa kitambaa mdomoni, lakini anatembea. Kanisa likafanya ibada ya shukrani. Tulialikwa, tukakaa benchi la mwisho, mimi na buibui langu katikati ya Wakristo wa Africa Inland, Mungu anisamehe. Mutiso akasimama, akashukuru Mungu, akashukuru madaktari, akashukuru waliochanga. "Na pia tunashukuru mhisani mmoja kutoka Malili." Watu wakapiga makofi bila kujua wanampigia nani. Kiilu aligeuka akatutazama. Nilidhani atasimama. Hakusimama. Kalunde alipiga makofi pamoja na wengine.

Miaka mitatu ikapita. Kiilu hakuja. Kalunde akaendelea kuwahoji watu wa Mbooni: anakula? Amerudi kufundisha? Baridi ya Julai imemkuta na koti? Nilikuwa nikimlaani mwalimu yule kila siku, na kila nikimlaani Kalunde ananipa mgongo mpaka jioni.

Kisha Jumamosi moja ya mwaka wa tisini na sita, mtu mrefu akaingia hotelini kwangu akauliza dada yake yuko wapi. Alisema hivyo hivyo, dada yangu. Nikamwonyesha ghala, na sikuona haya kumfuata nyuma nisikilize.

Alikuwa na karatasi mkononi. Mutiso alikuwa ameitoa kwenye kikao cha ukoo wiki ile, na ndipo Kiilu alipoiona barua ya pili kwa mara ya kwanza.

"Sikujua," akasema. "Nilidhani ni wewe ulitaka kukaa mbali. Na hata mimi niliogopa, siwezi kukudanganya. Lakini wameipima damu yangu tena. Zamani nilikuwa kundi A. Sasa ni O, kama wewe. Hakuna hata tone langu ndani yangu. Wiki ijayo watu wa serikali wanakuja kupima shamba. Nitasimama mbele ya wote niseme wewe ni dada yangu, baba mmoja, mama mmoja."

Kalunde hakuacha kushona. "Na wakiuliza huyo baba ni nani?"

"Nitasema Kilonzo."

"Halafu watakuambia uende shamba ya Kilonzo. Kilonzo alikuwa na shamba gani, Mwalimu? Alikuwa na mizinga." Akavuta uzi. "Watoto wako ni wanne. Huyo mdogo, Mulei, ako darasa gani sasa?"

Kiilu alishtuka kusikia jina la mtoto wake. "La pili."

"Usiseme kitu."

"Huwezi kunikataza."

"Naweza. Hiyo damu ni yangu, itanisikia." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Mimi niliweka sahihi. Nenda upate karatasi ya shamba kwanza, ya watoto. Usikuje hapa mpaka uipate. Watu wa Mbooni wanapita hapa kila siku, watakuona."

Kiilu akalia, mwanamume mzima, kati ya magunia. Alitaka kumkumbatia, na Kalunde akatazama barabarani kwanza, kushoto na kulia, kama mtu anayeogopa kuonekana. Kisha akamshika mkono tu, akamwambia arudi kabla jua halijashuka.

Hati za mashamba ya upande ule wa Mbooni hazijatoka. Kuna kesi, na juu ya kesi kuna rufaa. Tunaingia mwaka wa tisini na tisa, na muuza maembe anatuambia mwalimu ana nguvu, amenenepa, anafundisha.

Siku ile baada ya Kiilu kuondoka, Kalunde alikuja mchana akaniagiza muthokoi, sahani mbili. Nikafurahi, nikadhani amepata hamu ya kula. Akachukua moja akala. Ya pili akaifunika kwa sahani nyingine, akaiweka juu ya magunia kando yake, akaendelea kushona. Kesho yake akaagiza mbili tena, na hivyo hivyo hadi leo. Sikumuuliza ni ya nani. Kila asubuhi ninapofungua hoteli naikuta mlangoni, bado imefunikwa, na ni mimi ninayewamwagia kuku.